Dakika tatu anazonunua abiria wa bodaboda

Msafara wa kumzika dereva wa bodaboda husikika kabla haujaonekana. Zinatangulia honi, zinafuata injini zinazopigwa resi, halafu pikipiki zenyewe zinatokea zikiwa zimeijaza barabara ukingo hadi ukingo, nyingine zikiwa upande wa magari yanayotoka mbele. Matawi ya miti yamechomekwa kwenye taa. Kijana mmoja amesimama juu ya kiti, mikono ameiachia. Mwenzake amenyanyua tairi la mbele na anakwenda hivyo mita kadhaa huku waliopo pembeni wakipiga miluzi. Kofia ngumu ni za kuhesabu. Nyuma yao gari lililobeba jeneza linakwenda taratibu, na ndugu wa marehemu waliomo ndani wanaomba Mungu wafike makaburini bila kupata msiba wa pili.

Vijana hawa wana uchungu wa kweli. Ndio waliopitisha daftari la michango kijiweni, ndio waliochimba kaburi, na ndio watakaoendelea kumpelekea mjane unga na mafuta wakati jamaa wengine wameshasahau njia ya kwenda kwake. Undugu wa kijiwe ni jambo la kuheshimiwa. Ila aliyemo ndani ya jeneza, mara nyingi, amekufa kwa kufanya hayo hayo wanayoyafanya wao wakimsindikiza. Usiku, msibani, mtu atasema siku zake zilikuwa zimefika, na wote wataitikia.

Sina ubishi na imani ya mtu kuhusu siku ya kufa. Ninachokipinga ni kuitumia siku hiyo kufunika mambo yaliyoonekana kwa macho: mwendo ulikuwa kiasi gani, taa ilikuwa ya rangi gani, nani alikuwa na haraka, na haraka hiyo ilitoka wapi. Hilo la mwisho ndilo hatulipendi, kwa sababu majibu yake hayaishii kwa kijana aliyeshika usukani.

Tuichukue Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam. Tangu Mei 2016, katikati ya barabara hiyo kuna njia za zege za mabasi ya mwendokasi. Asubuhi, wakati njia za kawaida zimeshikana foleni kutoka Kimara hadi Magomeni, zege linabaki tupu kati ya basi na basi. Linavutia. Kila anayeipanda bodaboda asubuhi katika barabara ile ameyasikia mazungumzo ya namna hii, kama si yeye mwenyewe aliyeyaanzisha:

"Pita huku kwenye mwendokasi, mdogo wangu. Saa mbili natakiwa niwe ofisini."

"Trafiki wanakaa pale mbele, mama."

"Tutachomoka kabla hatujawafikia. Nitakuongezea mia tano."

Kwa mia tano hiyo pikipiki inaingia kwenye zege, na kuanzia hapo kila kitu kinakuwa kinyume chao. Basi lile refu lenye maungio katikati lina urefu wa mita 18 na limejaa watu waliosimama. Dereva wake akikanyaga breki kwa nguvu zote, atawaangusha hao kabla hajaiokoa pikipiki. Pa kukwepea hana, kwa sababu upande mmoja kuna ukingo na upande wa pili linakuja basi jingine. Mwenda kwa miguu anayevuka zebra kuelekea kituoni ameangalia upande linakotoka basi, akaona kweupe, akaweka mguu. Pikipiki iliyoingia njia ya mabasi ya upande wa pili, ikija kinyume, hakuitegemea. Kisha kuna kule kuchomoka kwenyewe. Kijana anakata kona kali kurudi kwenye njia za magari, anapenya katikati ya daladala iliyosimama na lori linaloanza kuondoka, na mwenye lori hana namna ya kumwona mtu aliyekuwa hayupo sekunde mbili zilizopita.

Habari za kusimama zinapimika, na ningependa zibandikwe kwenye kila kijiwe. Mtu mwenye akili timamu na macho mazima huhitaji kama sekunde moja na nusu tangu aone hatari mpaka breki ianze kushika. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, ndani ya muda huo pikipiki imeshakwenda karibu mita 17 bila kupunguza chochote. Ongeza mita 10 au 11 za breki kwenye lami kavu, inasimama ndani ya mita 28 hivi. Kwa kilomita 80 kwa saa, imekwenda mita 33 kabla breki haijashika, na breki zenyewe zinadai zaidi ya mita 40. Jumla ni kama mita 75. Mwendo umekuwa mara mbili, lakini umbali wa breki umekuwa mara nne, na ndivyo ulivyo ukali wa kishindo pia endapo kilicho mbele kitafikiwa kabla mita hizo hazijaisha.

Na hapo tumechukulia breki nzima na dereva anayejua kuzitumia. Pikipiki inapofunga breki, uzito huhamia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo lenye nguvu kubwa ya kuisimamisha. Madereva wengi hawaigusi breki hiyo. Siku ya kwanza, kwenye uwanja wa shule ya msingi, rafiki aliyewafundisha aliwaambia breki ya mbele inapindua, na tangu siku hiyo wanategemea ya mguu peke yake. Tairi la nyuma linaganda, mkia unakwenda pembeni, pikipiki inalala na kuserereka pamoja na abiria. Ni kweli breki ya mbele hupindua ikishikwa kwa pupa, au juu ya mchanga, au katikati ya kona. Ikibanwa kwa kuongezewa nguvu polepole huku pikipiki imenyooka, inaokoa maisha. Kulijua hilo ni somo la nusu siku, na kijana anaweza kubeba abiria miaka mitano bila kulipata. Vioo vya pembeni navyo amevifungua akaviacha nyumbani, maana vinamkwaza anapopenya kwenye foleni.

Sasa tazama kilichokuwa kinatafutwa. Safari ya kilomita 6 kwa mwendo wa 40 kwa saa inachukua dakika 9. Kwa mwendo wa 60 inachukua dakika 6. Tofauti ni dakika 3, na hapo tumejifanya barabara haina mataa, matuta wala foleni. Ukiyarudisha hayo, hata dakika hizo 3 zinamegeka. Abiria ananunua muda wa kusubiri chai ipoe.

Yupo atakayesema vijana hawa ni wahuni tu, na kila kizazi kina wahuni wake. Uhuni upo. Dereva anayepita taa nyekundu na mama mjamzito nyuma yake amechagua mwenyewe, na Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimwonei inapomfikisha mahakamani: kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka mtu gerezani. Sitaki kumtafutia kijana huyo kichaka cha kujificha. Lakini ukiishia kwenye uhuni utabaki hujaelewa kwa nini yule mpole, anayesali, asiyekunywa, naye baada ya miezi sita ya kijiweni anaendesha kama wenzake.

Pikipiki nyingi vijiweni si mali ya wanaoziendesha. Ziko za hesabu, ambapo dereva humpelekea mwenye pikipiki kiasi kilichopangwa kila siku, na ziko za mkataba, ambapo akimaliza muda wa kulipa pikipiki inakuwa yake. Chukua mfano wa kijana anayetakiwa kupeleka shilingi 10,000 kila jioni. Mafuta weka 6,000, chakula na maji weka 3,000. Hizo ni 19,000 kabla hajaona hata mia ya kwake. Kama wastani wa safari zake ni shilingi 1,500, basi ni katika safari ya 13 ndipo anaanza kujifanyia kazi mwenyewe na watoto wake. Mvua ikinyesha asubuhi nzima, hesabu haipungui. Akilala na malaria siku tatu, siku hizo zinaandikwa deni, au mkataba unasogezwa mbele. Tairi likipasuka, ni juu yake. Trafiki akimwandikia faini, hesabu iko palepale. Kila kinachomchelewesha inabidi akifidie, na kitu pekee alicho nacho cha kufidia ni resi iliyo kwenye kiganja cha mkono wake wa kulia, pamoja na saa za usingizi. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi wafanyakazi bado yupo barabarani saa tano usiku akisubiri wanaotoka baa, na macho aliyonayo saa hiyo si yale tuliyoyapigia hesabu ya sekunde moja na nusu.

Wenye pikipiki hizo ni nani? Ni sisi. Ni mwalimu aliyechukua mkopo akanunua mbili, muuguzi mwenye moja, askari, mhasibu, mchungaji, mwandishi wa habari. Tumeweka akiba yetu humo kwa sababu inarudi haraka kuliko kwenye shamba la mihogo. Jioni simu inalia, pesa imeingia, tunasema kijana wangu ni mwaminifu. Hatumuulizi ameipataje siku ambayo mvua ilinyesha kutwa. Mkataba wa maandishi, pale ulipo, una kurasa mbili zinazoeleza nini kitatokea akichelewesha malipo, na hauna mstari hata mmoja unaoeleza nini kitatokea akivunjika mguu.

Abiria naye asijifiche nyuma ya mgongo wa dereva. Nauli iko mfukoni mwake, na nauli ndiyo inayosikilizwa. Dereva anayeambiwa "mdogo wangu, nenda taratibu, sina haraka" hupunguza mwendo. Nimewaona wakipunguza, tena wengine wanashukuru, kwa sababu siku nzima kila aliyepanda alikuwa anamsukuma. Wazazi wengi wameshindwa hata hapo. Wanakubaliana na dereva awapeleke watoto shuleni kwa malipo ya mwezi, kisha asubuhi wanasimama mlangoni kumpungia mkono wakati amepakia mshikaki wa wanafunzi watatu, mdogo kuliko wote akiwa amekalishwa mbele juu ya tangi. Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Huyo aliye juu ya tangi ameanza kuingia kwenye umri huo.

Kofia ngumu yenyewe ipo. Tazama ilipo: imening'inizwa kwenye usukani, au imevikwa kiwikoni, au imekaa juu ya tangi ikisubiri trafiki aonekane. Ikivaliwa, mkanda wa kidevuni unapepea, maana kifungio kilivunjika zamani. Sponji ya ndani imelika mpaka mashavu yanagusa plastiki. Wengine wameiegemeza simu humo ndani, kati ya sikio na ganda, na wanaongea na mteja anayefuata huku wakimpeleka wa sasa. Ya abiria haipo, au ipo moja iliyopita kwenye vichwa vya watu wengi tangu asubuhi, ina jasho na mafuta ya nywele za wengine. "Vaa elementi, dada," anasema dereva kwa kutimiza wajibu. Dada aliyetoka kusukwa anaitazama, anaishika mkononi, na safari inaanza hivyo. Simlaumu kwa kuona kinyaa. Kitambaa chepesi cha kuvaa ndani, cha bei ya maji ya chupa, kingeumaliza ubishi huo, na ni wachache mno wanaotembea nacho.

Thamani ya kofia hiyo ilipimwa zamani, na kipimo kilianza na kifo cha mtu mmoja mashuhuri. Tarehe 13 Mei 1935, T. E. Lawrence, yule Mwingereza aliyejulikana duniani kwa jina la Lawrence wa Uarabuni, alikuwa akirudi nyumbani kwake Dorset akiendesha pikipiki yake aina ya Brough Superior, mashine yenye nguvu kubwa kwa siku zile. Barabara ilikuwa na bonde dogo lililoficha waliokuwa mbele yake, na hao walikuwa wavulana wawili juu ya baiskeli. Alipowaona alijaribu kuwakwepa, akarushwa, kichwa kikapiga chini. Hakuwa na kofia. Alilala bila fahamu siku sita, akafa tarehe 19 Mei akiwa na umri wa miaka 46. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumwangalia alikuwepo Hugh Cairns, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, mzaliwa wa Australia.

Cairns hakuliacha jambo lile. Vita Kuu ya Pili ilipoanza, Uingereza ilijaa askari vijana waliopeleka barua na amri kwa pikipiki katika giza la nchi iliyozimwa taa, na walikufa kwa wingi. Mwaka 1941 aliandika katika jarida la madaktari la nchi hiyo kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikuwa wameuawa barabarani, wengi kwa majeraha ya kichwa. Kwa upande wa pili alikuwa na majeruhi saba tu waliopata ajali wakiwa wamevaa kofia, na wote saba waliishi. Saba ni wachache, lakini Novemba ya mwaka huohuo jeshi liliamuru waendesha pikipiki wake wote wavae kofia wakiwa kazini. Raia walisubiri sheria mpaka 1973.

Kazi kubwa ya kofia hufanywa na lile povu gumu la ndani, ambalo hubonyea na kula kishindo kabla hakijafika kwenye ubongo. Ndiyo maana kofia iliyowahi kupata pigo kubwa imekwisha kazi hata kama nje haina alama, na ile isiyofungwa mkanda hutoka kichwani kabla kichwa hakijafika chini. Uchambuzi wa tafiti nyingi kwa pamoja, uliotolewa na mtandao wa utafiti wa afya wa Cochrane mwaka 2008, ulionyesha kuwa kofia hupunguza vifo vya waendesha pikipiki wanaopata ajali kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Vietnam, nchi yenye pikipiki nyingi kuliko sisi, ililazimisha kofia kwa dereva na abiria katika barabara zote kuanzia tarehe 15 Desemba 2007, ikasimamia kweli, na wavaaji wakapita asilimia 90. Karibu zaidi na sisi, mjini Kigali, abiria hasafiri juu ya pikipiki bila kuvishwa kofia, na dereva hapakii abiria wa pili. Wanyarwanda hawana damu tofauti na yetu.

Lakini kofia inamlinda mtu baada ya kosa kutendeka. Hailindi paja. Nenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, uwaone vijana waliolala wakisubiri kuwekewa chuma ndani ya mfupa, au waliokwishawekewa na sasa wanajifunza kutembea kwa magongo. Miezi inapita. Nyumbani, mke ameanza kuuza maandazi. Mtoto wa kwanza ameacha kwenda tuisheni. Hapo ndipo familia inapojifunza sheria ya bima kwa mara ya kwanza. Bima ndogo, ambayo kila chombo kinatakiwa kuwa nayo, inamhusu mtu mwingine aliyeumizwa na chombo hicho. Abiria, au ndugu zake kama amekufa, wana pa kuanzia: ripoti ya polisi, fomu ya polisi ya matibabu iitwayo PF3, namba ya bima, na uvumilivu mwingi. Dereva aliyeisababisha ajali kwa uzembe wake hana pa kuanzia. Kwa bima hiyo yeye si mtu mwingine. Na kama bima ilikuwa imekwisha muda wiki mbili kabla, kwa sababu mwenye pikipiki alisema isubiri mwisho wa mwezi, basi hata abiria amebaki na PF3 mkononi.

Kwa hiyo siamini kwamba mahubiri kwa vijana yatatosha, wala operesheni za wiki moja za kukamata pikipiki na kuzirundika kituoni. Pikipiki za biashara zinapewa leseni na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Leseni hiyo inamgusa mwenye chombo, na mwenye chombo ndiye anayepanga hesabu. Aombwe kuambatanisha mkataba wake na dereva. Mkataba uonyeshe siku moja ya mapumziko kila wiki isiyodaiwa hesabu, useme siku za ugonjwa uliothibitishwa na hospitali hazigeuki deni, na umtaje mwenye chombo, si dereva, kuwa mlipaji wa bima, breki na matairi. Kofia mbili nzima, zenye mikanda, zikaguliwe pamoja na taa na vioo. Dereva alete cheti cha mafunzo kinachoonyesha alijaribiwa kusimamisha pikipiki kwa breki zote mbili, akiwa na abiria nyuma, mbele ya mkufunzi. Vijiwe vyenye viongozi na daftari la wanachama, na viko vingi, vipewe nguvu ya kumsimamisha mwenzao anayepita kinyume, maana wao wanamjua kabla trafiki hajamjua.

Mwenye pikipiki atasema faida yake inapungua, na ni kweli itapungua. Nauli nayo itapanda, labda shilingi 200 au 300 kwa safari. Mimi niko tayari kuilipa.